Umri wa Miti ya Lupango

Sikustaafu. Nilistaafishwa, na naomba vijana wa huduma yetu ya misitu hapa Kamina walielewe hilo kabla ya kusoma neno lingine. Barua ilisema nimefikia umri. Maisha yangu yote ya kazi nimepima umri wa vitu visivyoweza kujitetea, kwa hiyo najua jinsi ilivyo rahisi kuandika nambari na kuigongea muhuri. Siku ya kuniaga mlinipa kitenge kizuri, ahsanteni, na mkubwa wa biro, yaani ofisi yetu, akatoa hotuba ndefu kuhusu mtu mwingine, nadhani, maana alinisifu kwa upole wangu. Kisha akaniomba nirudishe tarieri, chuma changu cha kutobolea miti. Sikuirudisha. Iko nyumbani, nimeipaka mafuta, na anayetaka kujifunza kuitumia aje mchana, aje na adabu.

Mishahara sitaizungumza, kwa sababu kwa miaka mingi haikuwako, na sina kawaida ya kuzungumzia nisichokiona. Vyeo ni hivyo hivyo. Nitasema kazi.

Baba yangu alikuwa mwalimu katika shule ya Wamethodisti, na alitaka niwe mwalimu au karani. Nilimaliza shule ya kilimo, nikapelekwa huduma ya misitu, na siku ya kwanza nikaonyeshwa mashine ya kuandikia. Ndiyo kazi waliyomfikiria binti wa mjini. Nyuma ya biro alikuwa amekaa mzee mmoja mfupi akipaka nta kwenye chuma kirefu. Huyo ndiye Papa Kabamba, mpimaji wa miti. Aliniangalia viatu, akamwambia mkubwa kwamba mashine ya kuandikia ina wengi wanaoitaka, ila yeye hana mtu wa kumshikia utepe. Kesho yake nilikuwa juu ya baiskeli kwenye barabara ya Kabongo, na viatu vyangu vya mjini viliisha wiki hiyo hiyo.

Kazi ilikuwa hivi. Kulikuwa na amri ya zamani kwamba mti wa ukumbusho haukatwi bila ruhusa: mti wa kaburi la chifu, wa mpaka wa kale, wa mahali palipokuwa na makazi ya wakubwa. Sasa, kila mwenye shoka husema mti ni wa jana, na kila mwenye shamba husema ulipandwa na babu wa babu yake. Sisi tulitumwa kwenda kuuliza mti wenyewe. Unaupima unene kwa utepe, kwenye kimo cha kifua. Kisha unaingiza tarieri, ambayo ni kama keekee yenye tundu ndani, unaizungusha taratibu hadi kwenye moyo wa mti, na unatoa kijiti chembamba cha ubao. Kijiti unakilaza ndani ya tete lililopasuliwa kisije kikavunjika. Nyumbani unakisugua kwa majani ya msasa hadi pete zionekane. Kiangazi chetu ni kirefu na kikavu, mti unalala, na mvua zikirudi unaanza pete nyingine. Kwa miti kama mulombwa pete zinasomeka vizuri, mtu akiwa na macho na subira. Mimi macho nilikuwa nayo.

Mulombwa wangu wa kwanza ulinitoa jasho. Ulikuwa kando ya shamba la mkulima mmoja Mkatoliki, familia ya zamani ya pale, na hakuna aliyeniambia kwamba mulombwa ukitobolewa hutoa maji mekundu kama damu. Nilipoona yanatiririka mikononi niliachia chuma nikarudi nyuma. Mwenye shamba alikuja mbio, akauliza ni nani aliyemtuma mtoto wa mwalimu kuja kuchinja mti wake. Papa Kabamba alivua kofia, akauomba mti msamaha kwa sauti, akaziba tundu kwa nta ya nyuki, akampa mkulima chumvi tuliyokuwa tumebeba kwa ajili ya chakula chetu. Njiani nilimwuliza kama kweli anaamini mti unasikia. Akasema hajui, lakini mwenye mti anasikia. Tulikula mihogo bila chumvi siku mbili, na tangu hapo sijawahi kusahau kuomba msamaha.

Alinifundisha pia kutoziamini pete haraka. Mwaka ambao viwavi wa kula wamekuwa wengi, ule ambao akina mama wanashangilia na beseni zinajaa, miti hubaki uchi katikati ya mvua. Baadaye inatoa majani mapya, na ndani inaandika pete ya pili kwa mwaka mmoja. Kwa hiyo, kabla ya kuhesabu, keti na akina mama uwaulize miaka ya viwavi wengi. Hawaisahau. Vijana mliosoma Lubumbashi mnaruka hatua hiyo, nimewaona, kisha mnauzeesha mti bure.

Kitu kigumu kuliko vyote kilikuwa miti ya lupango. Zamani, kwa sisi Waluba, ua wa chifu, yaani lupango, ulizungushwa kwa nguzo mbichi za mti wa jamii ya mkuyu, ule ambao wazee walikuwa wanaponda maganda yake kupata nguo. Ukikata tawi lake ukalichomeka ardhini, linaota. Ua mzima unageuka kuwa miti. Chifu akifa, watu wanahama pale, na lupango linabaki na mlinzi. Kwa hiyo ukitembea porini ukakuta mikuyu mikubwa imesimama kwa duara, jua kwamba uko ndani ya nyumba ya mtu. Ni miti mibaya kupima. Utomvu wake mweupe unanata na kuziba tarieri, na pete zake zinakudanganya. Papa Kabamba aliniambia umri wa miti hiyo asiuseme mtu kwa haraka. Hakuniambia zaidi, kwa sababu alifariki kabla hatujapima duara hata moja pamoja. Niliumia sana. Nililia biro mbele ya watu, na aliyesema mpimaji hapaswi kulia nilimtoa nje.

Kisha miaka ya tisini ilitushukia yote kwa pamoja. Biro ilipoteza madirisha, halafu milango, halafu mashine ile ya kuandikia ambayo nilikuwa nimeikwepa. Wenzangu wengi walirudi kulima, na siwalaumu. Mimi niliendelea kupima. Watu waliniuliza napima miti ya nini wakati nchi inaanguka, nami niliwajibu kwamba nchi ikianguka, mtu wa kwanza kufika ni mwenye shoka. Sikukosea. Vita vilipofika upande wa kaskazini, mabehewa yalishusha Kamina watu wenye masufuria kichwani, na pembezoni mwa mji miti ikaanza kugeuka makaa.

Nusu siku kwa baiskeli kwenye barabara ya Kabongo kulikuwa na kijiji kidogo ndani ya lupango la chifu aliyekufa zamani. Mlinzi wake alikuwa mwanamke, naye ndiye Mwadi. Kwa wasiojua: Mwadi ni mwanamke anayebeba roho ya chifu aliyefariki; akifa hurithiwa na mwingine, na akihama, chifu amehama. Watu wanamsalimu kama wangemsalimu chifu mwenyewe, wanaume wazima wanapiga magoti na kupiga makofi polepole. Mimi ni Mmethodisti, sipigii magoti mizimu. Nilimsalimu kwa heshima kama mama yangu, naye alilikubali hilo. Alikuwa mtu mwembamba, mvutaji wa kiko, mwenye ulimi mkali kuliko wangu.

Mwadi alikuwa amepokea wakimbizi. Wengi walitoka Malemba-Nkulu na vijiji vya Kabongo. Mmoja wao alikuwa Mama Kyungu, mjane mwenye watoto wanne, aliyekuwa amehamishwa mara tatu, kila mara na watu wenye bunduki na kila mara akiambiwa hapa si kwenu. Mwadi alimpa kiwanja, na Mama Kyungu alikuwa amekwisha kulima mihogo.

Sasa kikosi cha askari kilipiga kambi karibu, na kapiteni wake akaitamani sehemu ile. Ilikuwa kwenye mwinuko, maji yako karibu, barabara inaonekana. Alisema ni ardhi ya serikali iliyovamiwa na wapita njia, akataka miti ikatwe na watu waondoke kabla ya mvua. Msimamizi wa wilaya, mtu mwoga lakini wa sheria, alijibu kwamba kama ni makazi ya kale ya chifu, kijiji kitabaki. Kama miti ni ya juzi, kapiteni achukue. Ndipo nikaitwa. Mkubwa wangu aliniambia niende, nipime, na niandike idadi ndogo, kwa sababu kapiteni ana bunduki na Mwadi ana kiko. Nilimwambia mimi huandika ninachokiona, na kama anataka idadi nyingine achukue utepe aende mwenyewe. Hakwenda.

Nilipima siku nzima. Tarieri iliziba, nikaisafisha kwa mafuta ya mawese, ikaziba tena. Nilipolinganisha unene na kile kidogo kilichosomeka kwenye vijiti, roho yangu ilizama. Ile miti mikubwa yote, ambayo ungeapa iliona kuzaliwa kwa dunia, haikuzidi umri wa mtu mmoja mzima. Mkuyu unanenepa haraka. Na chifu waliyemtaja alikufa kabla ya reli, kabla ya wazungu.

Kapiteni alikuja jioni na askari wake, akawakusanya watu wote, akamwuliza Mwadi mbele yao miti ilipandwa lini. Alidhani atamnasa katika uongo. Mwadi hakuwa na haja ya uongo.

"Minyi nilikuwa mutoto," alisema. "Banapanda, minyi nabeba mayi."

Kapiteni alicheka hadi akashika mkanda. Akanigeukia. "Unasikia, mama? Yeye mwenyewe anasema. Andika: iko miti ya juzi. Msimamizi anangoya rapore yako."

 Nilimwona Mama Kyungu akimvuta mtoto wake mdogo karibu, kama mtu anayejua kinachofuata. Nilisikia hasira, na chini ya hasira hofu, kwa sababu kile alichokisema Mwadi kililingana kabisa na vijiti vyangu. Nisingeweza kuandika uongo. Lakini pia kulikuwa na jambo lililokuwa limenisumbua tangu asubuhi, nami sikuwa nimelipa jina. Duara lote lilikuwa limeangusha majani kwa wakati mmoja na kuanza kuchipua kwa wakati mmoja, machipukizi mekundu ya urefu ule ule, matunda ya ukubwa ule ule. Mkuyu wa porini haufanyi hivyo. Huo kila mmoja una kalenda yake: huu una matunda, jirani yake uko uchi, wa tatu umejaa majani. Yeyote aliyewahi kuwafuata ndege wanaokula matunda yake analijua hilo.

Nikamwuliza Mwadi nguzo zilitolewa wapi, "Mama, ile miti ya kupanda, mulitosha wapi?"

Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa maji yanatoka wapi. "Kwa lupango ya zamani, ng'ambo ya kamuto. Na bale ba kule balitosha kwa ingine ya mbele. Chefu anahama, tunakata mukono ya muti, tunapanda. Njo ule ule muti. Unazani tulinunua?"

Nilimwomba kapiteni anifuate. Alikuja, nadhani kwa kutaka kuniona nikiaibika. Tulivuka kijito. Ng'ambo kulikuwa na duara la pili, limebomoka, miti imebaki michache, minene, mingine imeoza katikati hadi mbuzi anaweza kulala ndani. Ilikuwa inachipua machipukizi mekundu, ya urefu ule ule. Mbele zaidi, penye mawe ya kusagia yaliyochakaa na michikichi ya zamani, ulisimama mkuyu mmoja peke yake wa duara la tatu. Nao ulikuwa na machipukizi mekundu. Njiani tulipita mikuyu miwili ya porini. Mmoja ulikuwa na majani mazito, mwingine haukuwa na jani. Nilimwonyesha kapiteni kila mmoja. Nilimwambia kwamba anayoiona si miti mingi. Ni mti mmoja unaotembea nyuma ya machifu wake, na sehemu aliyosimama Mwadi ni mkono wake tu.

Alisema hakuniita kwa ajili ya hadithi. Akataka niandike miaka arobaini na kitu, niweke sahihi, nirudi Kamina salama. Neno "salama" alilisema polepole.

"Sitaandika ile," nilimjibu. "Nitaandika kama ni muti moja, na mwanzo yake siijue."

"Weye unatumikia serikali ao mizimu?"

"Serikali hainilipe, Kapiteni. Mizimu pia hainilipe. Njo maana naweza kusema kweli."

Askari mmoja alikohoa ili asicheke.  Niliandika kama nilivyosema: unene wa kila mti, umri wa mashina, asili ya nguzo, machipukizi, yote. Mashina ni machanga, mti ni wa kale. Ripoti niliipeleka mwenyewe kwa msimamizi, nikakaa mlangoni kwake hadi akaipokea mikononi.

Kapiteni hakungoja jibu. Siku chache baadaye aliamuru duara likatwe. Niliposikia nilirudi kwa baiskeli nikakuta nusu ya miti iko chini na utomvu mweupe umetapakaa. Nilikasirika hadi machozi. Nilitegemea kumkuta Mwadi analia. Alikuwa anavuta kiko, akiwaangalia askari wanavyotoka jasho. Miti ilipokwisha kulala, alimwendea kapiteni, kwa unyenyekevu ambao sikuwahi kuuona kwake, akaomba kitu kidogo.

"Mukubwa, utuachie matawi. Tutapikia."

Kapiteni alifurahi kuombwa. Aliwaambia wabebe yote. Huyo ni mtu ambaye hajawahi kuwasha moto wa kupikia katika nchi hii. Mwanamke yeyote wa Kamina, awe Mmethodisti au Mkatoliki, angemwambia kwamba mti ule hauwaki. Unatoa moshi, unalia maji, na sufuria inabaki baridi. Hakuna anayeupikia.

Wanawake walibeba hadi jua likazama. Hakuna aliyewasha moto. Mwadi aliwagawia matawi yaliyonyooka, nguzo kwa kila nyumba, na kwanza aliwapa wageni. Waliyachomeka kwa duara jipya, kubwa kuliko la mwanzo, likipita nyuma ya nyumba za wakimbizi wote na kuwafunga ndani. Mama Kyungu alipewa nguzo yake na kuonyeshwa kina cha shimo. Ardhi ilikuwa ngumu, mvua bado. Kwa hiyo walibeba maji kutoka kijitoni, kila siku, watoto na mama zao. Mimi nilibeba pia. Mkubwa wangu alitaka kujua niko wapi, nikamtumia salamu kwamba niko kazini, ambapo ndipo nilipokuwa.

Mnaopima pale leo, tarieri itawaambia kwamba duara la nje lina umri wa vita. Ni kweli, andikeni. Lakini msipoandika pia mti umetoka wapi, mmeandika nusu, na nusu ndiyo inayotumiwa na watu wenye mashoka. Hilo mkilisahau, mengine yote niliyowafundisha yachomeni.

Jibu la msimamizi lilifika pamoja na mvua za kwanza. Makazi ni ya kale, kijiji kinabaki. Lakini aliongeza mstari mmoja, kumpoza kapiteni: wenyeji wabaki, wageni waondoke. Kapiteni aliushika mstari huo kwa mikono miwili. Alikuja asubuhi na lori, akanitaka niwepo, kwa kuwa mimi ndiye niliyethibitisha ukale wa sehemu ile, na akaanza kwenda nyumba kwa nyumba kuwatenganisha watu. Alianza na waliosema Kiluba cha upande wa Lualaba, walikotoka wakimbizi. Alifika kwa Mama Kyungu.

Alikuwa amesimama mbele ya nyumba yake, watoto wanne nyuma yake, masufuria yakiwa ndani. Safari zote tatu za nyuma alikuwa amekwisha kuyafunga kabla lori halijasimama. Safari hii hakuyagusa. Karibu naye ilisimama nguzo yake, nene kama mkono wa mtu, na juu yake machipukizi mekundu yalikuwa yamefunguka kuwa majani.

"Na weye," kapiteni aliuliza, "uko hapa tangu lini?"

Mama Kyungu aliweka kiganja juu ya nguzo.

"Tangu mbele bazungu bafike, Kapiteni."

Kapiteni alinigeukia, uso umemvimba kwa hasira, akaniamuru niseme mti ule una umri gani. Nilitoa utepe. Niliuomba mti msamaha kwa sauti, nikaupima kwenye kimo cha kifua, polepole, kila mtu akiangalia. Nilimwambia unene wake. Kisha nikamwambia kwamba kuhusu umri, nguzo hii ni mkono wa mti ule ule, ripoti yangu juu yake anayo, na msimamizi ameipigia muhuri.

Aliitazama ile nguzo, halafu duara lote, nguzo baada ya nguzo, zote zikiwa na majani. Mwadi alikuwa amekaa mlangoni mwake. Mwanamume mmoja wa pale alipiga goti mbele yake, akapiga makofi polepole kumsalimu chifu, kisha mwingine, kisha Mama Kyungu, kisha watoto wake.

Lori lilirudi kambini na askari wale wale liliokuja nao.